Watoto 94, vitabu 420, kipindi kimoja cha maktaba kwa wiki: tuanzie wapi?

MwlMoro

Habari za kazi walimu na wakutubi. Naomba mwongozo.

Shule ni ya msingi, ya serikali. Stoo moja imesafishwa na kupigwa rafu tatu za mbao. Vitabu vya ziada viko 420: vya Kiswahili 150, vilivyobaki ni vya msaada, vya Kiingereza, vingine vinene kama tofali. Darasa la Tatu lina watoto 94, na ratiba imetoa kipindi kimoja cha maktaba kwa wiki, dakika 40.

Kinachotokea ni hiki: wanaingia, wanagombania vitabu vya picha kubwa, wanafunua kurasa dakika tano, halafu kelele mpaka kengele. Kuazima kwenda nyumbani hakuruhusiwi, maana vitabu vimeshaingizwa kwenye leja na mkuu wa shule anahofia upotevu.

Maswali yangu matatu. Shughuli gani zinamfanya mtoto wa miaka minane au tisa asome kweli? Je, kuazimisha kunawezekana bila vitabu kuisha? Na zawadi kwa aliyesoma vitabu vingi zinasaidia au zinaharibu?

---

Mkutubi wa Mtaa

Mwalimu, kabla ya shughuli yoyote, shuka kwanza kwenye rafu. Mtoto anafunua picha na kuacha kwa sababu maandishi yamemshinda, na yanamshinda kwa sababu rafu imepangwa kwa ukubwa wa vitabu au haijapangwa kabisa. Hizo namba za kupanga vitabu kwa masomo zinazotumika maktaba kubwa ziache, hazimsaidii mtoto wa Darasa la Tatu. Panga kwa ugumu.

Chukua vile 150 vya Kiswahili, uvigawe kwa rangi nne. Kata vipande vya karatasi ya rangi, bandika kwa gundi chini kwenye mgongo wa kitabu. Nyekundu: sentensi moja au mbili kwa ukurasa, maneno ya silabi mbili hadi nne kama *kuku*, *anakula*. Njano: sentensi tatu hadi tano, na silabi nzito zimeanza kuingia, *mbwa*, *ng'ombe*, *nyanya*. Kijani: aya fupi, maneno marefu. Bluu: hadithi yenye sura. Kazi hiyo walimu wawili wanaimaliza kwa mchana mmoja, msibishane sana kitabu kikiwa katikati ya rangi mbili.

Sasa kuna mtego wa Kiswahili ambao miongozo mingi ya kigeni haiuoni. Utasikia ushauri wa vidole vitano: mtoto asome ukurasa mmoja, akunje kidole kwa kila neno lililomshinda, vikiisha vidole kitabu ni kigumu. Kwa Kiswahili kipimo hicho peke yake hakitoshi. Sisi tunatamka kama tulivyoandika, kwa hiyo mtoto anayejua silabi zake anaweza kutamka ukurasa mzima bila kidole hata kimoja kukunjwa, na asielewe kitu. Angalia neno *hawakumwambia*. Sentensi nzima imo humo ndani. Mtoto anakwenda ha-wa-ku-mwa-mbi-a, akifika *-a* ameshasahau kwamba mwanzo palikuwa na *ha-*, na kwake hadithi imegeuka: anajua walimwambia.

Kwa hiyo baada ya vidole ongeza swali moja: "Nani amefanya nini?" Akijibu kwa maneno yake, kitabu ni chake. Akirudia sentensi kama kasuku, mshushe rangi moja.

Na usimharakishe. Kenya walipoweka viwango vya kusoma kwa madarasa ya chini, msomaji fasaha alitarajiwa kufikisha maneno 65 ya Kiingereza kwa dakika, lakini ya Kiswahili 45. Siyo kwamba watoto ni wazito kwa Kiswahili, ni maneno yenyewe yamebeba mengi.

Kupima watoto 94 usijaribu kwenye kipindi. Chukua kumi kila asubuhi kabla ya vipindi kuanza, dakika moja na nusu kila mmoja, wiki mbili zimetosha. Matokeo yabaki kwenye daftari lako. Ukiyabandika ukutani, kufikia Jumatano "wa nyekundu" litakuwa tusi uwanjani. Dawa yake: kila mtoto achukue vitabu viwili, kimoja cha rangi uliyomwelekeza, kingine chochote anachokitamani, hata kama ni bluu na atatazama picha tu. Kutazama picha nako ni kusoma kwa namna yake, usikufukuze.

---

Bi Rafu

Mimi nashika swali la kuazimisha.

Kinachoua uazimishaji shuleni, kabla hata ya wizi, ni foleni. Watoto 94, kila mmoja dakika moja ya kuandikwa jina na namba ya kitabu, kipindi kimeisha na nusu ya darasa haijaandikwa. Wiki ya tatu mwalimu amechoka, kufuli linarudi mlangoni.

Kwa hiyo maktaba ndiyo iende darasani. Gawa watoto vikundi 12: kumi vya watoto wanane, viwili vya saba. Kila kikundi kipewe mkoba wake. Kiroba cha unga kilichofuliwa na kushonewa mikanda kinatosha, fundi wa mtaani anashona vyote 12 siku moja. Ndani ya kila mkoba weka vitabu kumi: vinne nyekundu, vitatu njano, viwili kijani, kimoja bluu. Hapo umetumia 120, umebakiwa na 30 vya kusomea kwa sauti na kuziba mapengo. Kama nyekundu zako hazifiki 48, na mara nyingi hazifiki, ongeza njano nyepesi.

Kila Jumatatu mikoba inasogea: wa kikundi cha kwanza unakwenda cha pili, hivyo hivyo hadi wa 12 unaorudi kwa kwanza. Kwa wiki 12 kila mtoto amepitiwa na vitabu vyote 120, na hakuna aliyepanga foleni.

Kumbukumbu ziwe nyepesi. Daftari dogo ndani ya mkoba, safu nne: tarehe, jina, namba ya kitabu, kimerudi. Anaandika kiongozi wa kikundi. Jina la kitabu lisiandikwe. Ni refu, watakosea. Kila kitabu kipe namba kwa kalamu ya wino mzito ndani ya jalada na tena ukurasa wa 10. Jalada hung'oka, ukurasa wa 10 hubaki. Viongozi wabadilishwe kila mwezi, la sivyo yule mmoja anageuka bwana mkubwa anayewanyima wenzake kitabu kizuri.

Kwenda nyumbani anza na usiku mmoja tu: kitabu kinaondoka Jumanne jioni, kinarudi Jumatano asubuhi, kinahesabiwa kabla ya kipindi cha kwanza. Wiki nne zikipita salama, ongeza Alhamisi. Wikiendi iache kwanza. Simamisha wiki mbili kabla ya kufunga shule, maana kitabu kilichopo nyumbani siku ya kufunga kinasafiri na mtoto hadi kwa bibi yake na hutakiona tena.

Kila kitabu kitoke ndani ya mfuko wa nailoni ngumu. Adui wa kitabu njiani ni mvua, nyumbani ni mdogo wa miaka miwili na sahani ya mboga.

Kuhusu mkuu wa shule: usimwahidi kwamba hakitapotea hata kimoja. Mwombe alipeleke jambo hili kwenye kamati ya shule, wakubaliane mapema idadi ya vitabu inayoweza kuchakaa au kupotea kwa mwaka, na iandikwe kwenye muhtasari wa kikao. Hofu yake ni ukaguzi. Karatasi hiyo ndiyo itakayomtuliza. Na tafadhali, mzazi asidaiwe fedha ya kitabu kilichopotea. Ukidai mara moja, mtaa mzima unasikia, na wazazi wanawakataza watoto kuleta kitabu nyumbani. Mtoto aliyepoteza asaidie kukarabati vitabu vingine Ijumaa.

Ukarabati: selotepu usiiguse. Kwa joto letu inakuwa ya njano, gundi inachuruzika, kurasa mbili zinashikana na ukizitenganisha zinatoka na maandishi. Tumia gundi nyeupe ya mbao na ukanda wa karatasi nyembamba, weka kitabu chini ya jiwe usiku kucha, na karatasi ya nailoni kati ya kurasa ili zisigandane.

Rafu zisiguse ukuta, acha nafasi ya vidole vinne. Mchwa hupandia ukutani, na usipoona njia yao ya udongo mapema utakuta kitabu kina jalada zuri na ndani ni vumbi.

---

MwlKwale

Salamu kutoka Pwani ya Kenya. Wenzangu wamemaliza rafu na mikoba. Mimi naongeza kile kipindi chenyewe, maana watoto 94 ndani ya stoo hata wakiwa malaika watapiga kelele.

Kwanza msiingie wote. Nusu wabaki darasani na mikoba yao, nusu waje maktaba, wiki ijayo mnabadilishana. Kama hakuna mwalimu wa pili, fanyeni kipindi nje chini ya mti, mikeka chini.

Dakika kumi za mwanzo ni mwalimu kusoma kwa sauti. Hiyo ndiyo injini, mengine yote ni magurudumu. Watu wengi huifanya vibaya: mwalimu anafungua kitabu ambacho hajakisoma, anaanza, anakwama kwa jina la mhusika, watoto wanamcheka. Kisome jana yake, mara mbili, moja kwa sauti. Tia alama ya penseli mahali pawili tu utakapokatiza. Zaidi ya hapo, hadithi inageuka mtihani.

Fungua kwa kitendawili, wajibu "Tega!", tayari una masikio yote. Onyesha jalada, uliza kimoja: "Huyu anakwenda wapi?" Pokea majibu matatu, usiseme lipi ni sahihi, anza kusoma. Tuseme umefika hapa: *Fisi alinusa chungu. Kilikuwa kinachemka. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akainua kifuniko.* Nyamaza. Shusha kitabu kifuani. "Mnadhani kuna nini?" Acha wabishane nusu dakika, kisha funua ukurasa polepole. Yule wa nyuma kabisa aliyekuwa anachezea kifungo cha shati utamwona amesimama.

Picha haitaonekana na watoto 47, na ukizunguka nayo unaua hadithi. Mwombe mwanafunzi wa madarasa ya juu anayejua kuchora akuze picha moja, ile ya mahali utakapokatiza, kwenye karatasi ya manila. Picha moja inatosha.

Ukimaliza, usiulize maswali matano ya ufahamu. Uliza: "Ungekuwa wewe, ungefunika chungu au ungeonja?" Kisha kiweke kitabu mezani wazi. Watakigombania, kwa hiyo chagua vile ambavyo una nakala mbili au tatu.

Dakika kumi na tano zinazofuata wasome wawiliwawili, kitabu kimoja katikati. Mmoja anasoma ukurasa, mwenzake anafuata kwa kidole, wanabadilishana. Usiwapange hodari na hodari. Wala usimpange aliye juu kabisa na aliye chini kabisa, maana yule hodari atanyang'anya kitabu na kusoma peke yake; rangi mbili zinazopakana ndizo zinazoelewana. Kelele ya wawili wanaosoma ni kelele nzuri, mkuu akipita mweleze. Dakika zinazobaki ni za kubadilisha vitabu na kutulia.

Kuna mchezo mmoja usiogharimu kitu. Jumatatu andika kitendawili kwenye mlango wa maktaba, kwa mfano *Nyumba yangu haina mlango*. Jibu ni yai, wengi wanalijua. Lakini swali lako ni: yai limo kitabu namba ngapi, ukurasa wa ngapi? Ijumaa kila kikundi kinaleta jibu. Ili walipate lazima wafunue na kusoma vitabu vyote kumi vya mkoba wao. Hakikisha tu kila mkoba una angalau kitabu kimoja chenye jibu, vinginevyo utazua ugomvi.

Ijumaa nyingine leta wanafunzi wa Darasa la Sita, kila mmoja amsomee mdogo mmoja kwa dakika ishirini. Wale wakubwa ambao bado wanasuasua wanapata kisingizio cha heshima cha kusoma vitabu vyepesi bila kuchekwa.

---

MwlMoro

Nashukuru sana, hesabu ya mikoba nimeielewa. Bado zawadi. Na vile vya Kiingereza 270, vinakaa rafu mbili nzima.

---

Mkutubi wa Mtaa

Zawadi ya idadi ya vitabu, mimi naipinga. Ukihesabu vitabu, watoto watachukua vyembamba, watasoma ukurasa wa kwanza na wa mwisho, na ifikapo mwezi wa pili watakuwa wananakiliana majina. Mshindi utakuwa umeshamjua tangu siku ya kwanza, na 93 waliobaki watakuwa wamejifunza kwamba kusoma ni mashindano ya wengine.

Kama unataka alama ya maendeleo, chora mti mkubwa bila majani kwenye karatasi za manila. Mtoto akimaliza kitabu anakata jani, anaandika vitu vitatu: namba ya kitabu, ukurasa alioupenda, neno moja jipya. Jina lake nyuma ya jani, siyo mbele. Mti ni wa darasa zima. Muhtasari wa hadithi usidai, hapo ndipo watoto wengi huanza kukwepa vitabu.

---

Kalamu Kavu

Hapo kwenye zawadi nitakupinga kidogo mkuu. Penseli moja haijawahi kumharibu mtoto. Tatizo ni unachokizawadia. Usizawadie vitabu vingi, zawadia kumsomea mtu: mdogo wake, bibi yake, jirani. Weka kikaratasi ndani ya kitabu, aliyesomewa atie sahihi, na asiyejua kuandika aweke alama yoyote au dole gumba. Visahihi vitano, penseli moja. Wapo watakaoghushi, ni kweli. Lakini kwa mzazi ambaye kitabu cha hadithi hakijawahi kuingia nyumbani kwake, kile kikaratasi ni mwaliko.

Sitisha baada ya muhula mmoja, wakishazoea.

Kuhusu Kiingereza: usiogope kupunguza. Pitia vyote 270, bakiza vyenye maneno machache na picha zinazojieleza, wanyama, magari, sayari, mwili wa binadamu. Wape Darasa la Sita na la Saba kazi ya kuandika tafsiri ya Kiswahili kwenye vipande vya karatasi, mwalimu asahihishe, vibandikwe chini ya maandishi ya asili kwa gundi kidogo kwenye kona tu. Riwaya nene wapelekee sekondari ya jirani, ila mfuate utaratibu wa leja. Rafu iliyojaa vitabu visivyosomeka inamfundisha mtoto kwamba maktaba siyo yake.

Nafasi itakayopatikana ijaze na Kiswahili. Tovuti ya African Storybook ina hadithi za watoto za Kiswahili zenye leseni huria, unapakua na kuchapa bila kumlipa mtu. Nyingine watunge wenyewe: waagize walete ngano moja kutoka kwa mzee wa nyumbani, vikundi vichague iliyo bora, muitengeneze kitabu.

Karatasi nne za A4, kila moja ikunjwe katikati, zipachikwe ndani ya nyingine: umepata kurasa 16. Kabla ya kuandika chochote, weka namba za kurasa kwa penseli zikiwa zimepachikwa, ndipo uzitenganishe na kuwagawia watoto. Ya nje itakuwa na kurasa 1, 2, 15 na 16, ya ndani kabisa 7 hadi 10. Ukiruka hatua hii mtaandika hadithi inayoanzia katikati, na karatasi ndiyo imeshaharibika.

Kushona: matundu matatu kwenye mkunjo, moja katikati, mengine mawili sentimita nne kutoka kila ncha. Sindano itokee ndani kupitia tundu la kati kwenda nje, iingie ndani kwa tundu la juu, ipite ndani kwa ndani bila kugusa la kati mpaka itoke kwa tundu la chini, kisha irudi ndani kwa la kati. Ncha mbili za uzi zikae pande mbili za ule uzi mrefu, funga fundo juu yake. Jalada la manila lishonwe pamoja, lisibandikwe baadaye.

---

MwlMoro

Asanteni. Sindano ya magunia ipo hapa shuleni, itafaa?

---

Kalamu Kavu

Hapana, ni nene, itachana mkunjo. Chukua ya nguo yenye tundu pana, na utoboe kwanza kwa pini juu ya ndala kuukuu ili matundu yanyooke. Uzi wa cherehani ukunje mara nne, peke yake unakata karatasi.